Maji ya Zamu na Mashamba ya Mkiani
(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetuagiza tuseme maneno machache juu ya maji, baada ya hesabu ya fedha na kabla ya uchaguzi. Twajua kwamba jua limekwisha panda, na kwamba wengi wenu mmeacha mpunga shambani na ndege wanaungoja. Kwa hiyo hatutarefusha maneno pasipo haja. Lakini jambo lenyewe si dogo. Katika hesabu mliyosomewa na Mweka Hazina mmesikia kwamba mfuko wa misaada ulitoa fedha kwa jamaa 9 msimu uliopita. Katika hao hakuna aliyefiwa, wala hakuna aliyelazwa hospitali. Walisaidiwa kwa sababu mpunga wao ulitoa mapepe. Na mashamba yao yote 9 yako mkiani mwa mfereji mmoja. Chama kilichoundwa ili kuzika wafu na kuwatazama wagonjwa sasa kinalipa gharama ya maji yaliyopotea, na ni haki yenu kuelezwa yalipotelea wapi.

Kwanza hapana budi tuungame. Mtakumbuka kwamba katikati ya msimu ule tuliandika barua kumshtaki mlinzi wa maji, tukasema kwamba anauza maji kwa watu wa juu. Barua ile ilisomwa hapa, na wengi walipiga makofi. Baadaye halmashauri ilikwenda mferejini, ikapima, ikakuta kwamba mlinzi alifungua na kufunga kila lango kwa saa zile zile tulizomwandikia. Kosa lilikuwa katika daftari, na daftari ni letu sisi wa ofisi. Tulipanga zamu kwa kufuata namba za kadi za uanachama, kila shamba saa 6, tukadhani kwamba mambo yamekuwa sawasawa. Basi mbele ya wazee twamwomba mlinzi radhi, naye ameketi pale karibu na mlango. Barua ile tumeiandikia nyingine ya kuifuta.

Sasa tueleze jinsi saa zilizo sawa zilivyozaa maji yasiyo sawa, kwa maana hapo ndipo penye shauri lote.

Namba za kadi hazina habari na ardhi. Mwenye kadi ya 4 analima kichwani, wa 5 mkiani, wa 6 katikati, wa 7 mkiani tena. Kwa hiyo maji yalikuwa yakirukaruka kama panzi. Kila yalipotoka juu kwenda chini yalikuta mfereji mkavu, nanyi mwaujua udongo wetu mweusi wa Mwea: ukikauka hupasuka, na nyufa zake hunywa kabla ya mpunga. Tulikaa mkiani na saa mkononi. Tangu lango la juu lilipofunguliwa hadi maji yalipofika kwa mwanachama wa mwisho, saa 2 zilipita. Katika saa zake 6 alibaki na 4.

Na hayo yaliyofika hayakuwa maji yale yaliyoondoka. Tuliyapima kwa njia ambayo kijana ye yote aliyesoma hesabu aweza kuifuata. Pimeni mita 10 za mfereji ulionyoka, tieni gunzi la mahindi katikati ya mkondo, mhesabu sekunde linazochukua kuzimaliza; siku hizi kila mtu ana saa katika simu yake. Kisha zidisheni upana kwa kina kwa mwendo, mtoe sehemu moja katika tano, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayoburutika chini na kandoni. Huko kichwani mfereji ulikuwa na upana wa sentimeta 60 na kina cha sentimeta 20, na gunzi lilikwenda sekunde 25. Hesabu yake ni lita 38 kwa sekunde. Mkiani upana ulikuwa ule ule, kina sentimeta 15, na gunzi likajikokota kwa sekunde 36. Hesabu yake ni lita 20.

Basi mtu wa kichwani, katika saa zake 6, alipata lita 820,800. Mtu wa mkiani, katika saa 4 zilizobaki, alipata lita 288,000, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya maji ya mwenzake. Wote wawili walilipa ada moja. Wote wawili wameandikwa katika daftari moja kwa wino mmoja kwamba wamepata haki yao. Na msimu ule zamu ya mkiani iliangukia siku zile mpunga unapochanua, wakati ambapo mmea hauwezi kusubiri. Mpunga ukikosa maji ukiwa mdogo huchelewa tu, lakini ukiyakosa wakati wa kuchanua, ua halishiki punje. Mashuke yalisimama wima yakipendeza macho, na walipokuja kupiga hawakupata ila makapi. Mama mmoja, mjane, alitia gunia mkononi akalipima uzito, akalirudisha chini bila kusema neno. Sisi tulikuwapo siku ile.

Tuseme neno juu ya zile lita 18 zinazopotea njiani kila sekunde. Kwa masikio ni kitu kidogo, ndoo moja tu. Lakini kwa saa 24 ni lita 1,555,200. Ekari moja ikijazwa maji ya kina cha sentimeta 10 huchukua kama lita 405,000. Maana yake, mfereji wetu ulikuwa ukimwaga kila siku maji ya kujaza karibu ekari 4. Wazee wetu hawahitaji kukumbushwa kwamba ekari 4 ndilo lililokuwa shamba la jamaa mmoja katika mpango huu tangu mwanzo wake. Shamba zima kila siku, nalo halikuwa la mtu.

Tulirudi tukapima mahali pane ili tujue maji yanatokea wapi. Katika zile lita 18, lita 11 zilipotea katika kipande kimoja kisichozidi hatua 400, pale ng'ombe wanapovuka kwenda kunywa. Kingo zimekanyagwa zikawa tope, na chini yake panya wamechimba. Zilizosalia zilivuja hapa na pale, nazo baadhi yake hazikuvuja zenyewe bali zilitobolewa. Tulikuta matundu mawili yaliyozibwa kwa magunia na kufunikwa kwa majani, yenye kufunguliwa usiku. Moja ni la mtu aliyekuwa pamoja nasi siku ile ya kupima, mjumbe wa halmashauri. Amelipa faini, na hatutamtaja. Twalisema ili ijulikane kwamba wezi wa maji si watu wa mbali.

Huenda kijana akauliza kwa nini mambo haya yasiachiwe serikali. Mwea ina historia yake. Mifereji hii ya mito ya Thiba na Nyamindi ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliokuwa vizuizini, na wengi wetu twajua ni mikono ya nani. Mwaka 1966 ikaundwa Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji, nayo ikawa ndiyo yenye kuamua mkulima apande lini, afungue maji lini, na amwuzie nani mpunga wake. Mnamo miaka ya 1998 na 1999 wakulima walikataa, wakashika mambo kwa mikono yao, na damu ilimwagika. Tangu hapo tumefahamu kwamba mfereji mkuu waweza kuwa wa wakuu wa mpango, ambao kwa sheria ya mwaka 2019 wamekuwa Mamlaka ya Kitaifa, lakini mfereji mdogo unaopita mbele ya mlango wako ni wako na wa jirani yako. Hakuna afisa atakayekuja usiku kuziba tundu la panya.

Wala si sisi wa kwanza kugawana maji. Watu wa Marakwet wameyateremsha maji ya mito kutoka ukingo wa Elgeyo hadi bonde la Kerio kwa mifereji ya mawe na miti tangu kabla ya Wazungu kuja. Kila ukoo una mfereji wake na saa zake za mchana na za usiku, na mwenye kuvunja zamu husimama mbele ya baraza la wazee. Hawakuwa na daftari. Lakini kila mtu alijua zamu ya mwenzake, na pengine hilo ni jema kuliko daftari lenye makosa kama letu.

Wako waliosema katika mkutano wa robo mwaka: sasa tuna bwawa la Thiba, lililoanza kujazwa maji mwaka 2022, ya nini kuhesabu lita? Twawaheshimu, lakini na tuhesabu pamoja nao. Bwawa lile hushika mita za ujazo kama milioni 15. Likimiminwa lote kwa siku moja, lingefunika ekari kama 37,000 kwa kina cha sentimeta 10, mara moja tu, kisha likawa tupu. Na katika siku za jua kali huku kwetu, jua na mpunga hula milimita 5 au zaidi kwa siku, yaani lita 20,000 na zaidi katika kila ekari, mbali na yale yanayozama ardhini. Bwawa limetuletea msimu wa pili, na kwa hilo twashukuru. Lakini halizibi nyufa za mfereji mdogo, na kadiri watu wanavyozidi kulima kwa ajili yake, ndivyo wa mwisho atakavyozidi kuwa mbali.

Tuje sasa katika majaruba yenyewe, kwa maana mtu aweza kupokea haki yake yote langoni akaipoteza ndani ya kingo zake. Jambo la kwanza ni kusawazisha. Jaruba lenye kilima upande mmoja na shimo upande wa pili huwalazimisha wenye nalo kujaza shimo hadi shingoni ili kilima kipate kulowa. Wenye ng'ombe na ubao wasiwe wavivu baada ya trekta kupita. Siku moja ya kusawazisha huokoa maji ya msimu mzima. La pili ni usiku. Mwenye zamu ya usiku hufungua, huenda akalala, na alfajiri maji yake yamekwisha kuvuka kingo na kuingia katika mtaro wa kutolea. Hatusemi kwamba watu wasilale. Twasema majirani wawili wapeane zamu ya kukesha.

La tatu limeleta maneno mengi, nalo ni kama mpunga ni lazima usimame ndani ya maji siku zote. Baba zetu walifundishwa hivyo na maafisa, na si vibaya, kwa kuwa maji huzuia magugu. Lakini mpunga si samaki. Huko Madagaska, mwaka 1983, Padre Henri de Laulanié wa shirika la Wajesuiti alionyesha kwamba miche michanga ya siku 8 hadi 12, ikipandwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimeta 25, katika shamba linalolowa na kukauka kwa zamu, huzaa machipukizi mengi kuliko miche mikubwa iliyosongamana majini. Ndicho wanachokiita kilimo shadidi. Kimejaribiwa hapa Mwea tangu mwaka 2009. Tulipowaona wa kwanza wakipanda mche mmoja mmoja, wengi wetu tulicheka, tukasema watavuna nyasi. Sasa wako kati yetu, na hatucheki tena.

Asiyetaka kubadili upandaji wake aweza hata hivyo kubadili maji yake. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Ufilipino, imefundisha njia isiyo na gharama. Chukueni kipande cha bomba la plastiki cha urefu wa sentimeta 30, mtoboe matundu pande zote katika nusu yake ya chini, mkizike nusu hiyo ndani ya jaruba, mkaondoe udongo ulioingia. Maji mtakayoyaona ndani ya bomba ndiyo maji ambayo mizizi inayaona. Juu paweza kuonekana pakavu, na kumbe chini mizizi inakunywa. Maji yakishuka sentimeta 15 chini ya uso wa udongo, ndipo mfungue tena mjaze sentimeta 5. Njia hii yaweza kuokoa hadi sehemu 30 katika mia moja ya maji, na mavuno yasipungue. Ila mambo mawili msiyasahau. Juma moja kabla ya kuchanua hadi juma moja baada yake, maji yasitoke shambani hata kidogo. Na kwa udongo wetu mweusi, msingoje nyufa za kuingiza kidole. Ufa mkubwa ukisha kufunguka, maji ya zamu nzima hupitia pale pale yakaenda zake.

Hapa twataka kusema jambo moja kwa akina mama hasa. Yule konokono mkubwa wa majini, mwenye asili ya Amerika ya Kusini, aliyethibitishwa Mwea mwaka 2020, ambaye mayai yake ya rangi ya waridi mnayaona yamebandikwa juu ya mabua na kuta za mifereji, hupenda maji ya kina. Katika maji haba hawezi kutembea vizuri, na mchana mwaweza kumwokota. Lakini tusifichane: hupenda pia miche michanga, kwa hiyo mwenye kufuata kilimo shadidi ana hatari zaidi katika majuma ya kwanza. Asiweke maji yaliyosimama siku zile, achimbe vijifereji pembeni ambamo konokono watakusanyika, naye awaokote asubuhi kwa mikono yenye mifuko. Mayai yapondwe yakiwa makavu, yasitupwe majini. Tena majaruba yanayokauka mara kwa mara huzaa mbu wachache, na mtu asiyeshinda majini siku nzima ana nafasi ndogo ya kupata kichocho. Mfuko wa misaada utafurahi.

Bwana Mwenyekiti, halmashauri inaleta mbele ya mkutano huu shauri lenye sehemu tatu, lipigiwe kura leo.

Zamu zianzie mkiani zipande juu, wala zisifuate tena kadi. Mfereji utaloweshwa mara moja tu kwa mzunguko, na kila lango la juu yake likifunguliwa, maji yaliyobaki chini humshukia yule aliyekwisha pewa, wala hayapotei. Tena saa za mtu zihesabiwe tangu maji yafikapo langoni kwake, na urefu wake upangwe kwa kipimo cha gunzi, si kwa mshale wa saa peke yake. Maana yake ni kwamba watu wa kichwani watapata saa chache kuliko walizozizoea. Twajua hawatapenda. Wametuambia hivyo kwa sauti kubwa, na mmoja wao alituuliza kama twataka kumwadhibu kwa kuwa babake alipewa shamba karibu na lango. Hatumwadhibu. Atapata maji yale yale ayapatayo jirani yake wa chini, na kwa ekari zake hayo yanatosha kama jaruba lake limesawazishwa.

La pili, kila shamba litoe mtu mmoja kwa siku 2 kabla ya kulima, ili kujenga upya zile hatua 400 za kivuko cha ng'ombe. Mawe yapo mtoni. Saruji itanunuliwa na chama, na ng'ombe watengenezewe kivuko chao cha mawe. Asiyeweza kufika atume kibarua au alipe ujira wake. Wajane na wazee waliopita miaka 70 wasidaiwe.

La tatu ni dogo. Nakala moja ya daftari la zamu ikae kwa mlinzi wa maji, nyingine ibandikwe ukutani kwa duka lililo njia panda, ili kila mtu aone zamu ya mwenzake, na karani akikosea tena asipate nafasi ya kumsingizia mtu mwingine.

Kama mkikubali, twaanza mzunguko wa kwanza siku ya Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kwa shamba la yule mama tuliyemtaja. Daftari jipya liko mezani kwa Mweka Hazina pamoja na kalamu. Baada ya kura, wale 9 wa mkiani na waje watie sahihi kwanza.